Mengineyo

Keki imeletwa na ramani ya dunia juu yake:
bahari za sukari ya buluu, mabara ya krimu.
Mkurugenzi Kettula, kisu mkononi, tai imemkaba,
anauliza kwa utani aanze na bara lipi.
Ukumbi unacheka,
kisha kicheko kinatafuta pa kukaa, kinakosa.

Ni Novemba, Helsinki. Saa kumi tu na giza limeshajitandaza,
theluji chepechepe inateleza kwenye vioo.
Taasisi yetu imetimiza miaka arobaini.
Beji yangu inasema: Tuulikki Haapala, mstaafu,
kwa herufi kubwa, kana kwamba nimesahau
mojawapo ya hayo mawili.

Ukutani wametundika grafu za kila muongo.
Vifo vya wachanga vinashuka kama ngazi ya kuingilia ziwani,
madarasa yanapanda.
Naipenda mistari ile, sisemi uongo;
nukta zake zimepita kwenye vidole hivi,
miaka thelathini na mmoja nikigeuza maneno kuwa tarakimu.

Swali la kumi na nne: Kwa nini mtoto haendi shule?
Moja, karo. Mbili, umbali. Tatu, ugonjwa. Nne, kazi za nyumbani.
Na jibu lisiloingia popote
lilipewa tisini na tisa: mengineyo.

Tisini na tisa, kutoka nyanda za juu za Bolivia:
"Viatu ni jozi moja. Leo ni zamu ya kaka yake."
Tisini na tisa, kutoka bonde moja la Nepali:
"Mwalimu humwita kwa jina la dada yake aliyekufa."
Tisini na tisa, kutoka delta ya Bangladeshi:
"Mto ulichukua daraja. Tunasubiri uone haya."
Na nyingine, sikumbuki ya wapi, penseli imefifia:
"Anaenda. Nani kakwambia haendi?"

Sheria ilikuwa fomu zichanwe baada ya miaka saba.
Mashine ilikaa ghorofa ya chini, ikitafuna kama mbuzi.
Nikanunua daftari la jalada la kijani,
nikawa nanakili wenzangu wakiwa kwenye kahawa.
Si wizi. Au ni wizi.
Waliosema hawakuniomba nitunze,
wala hawakuniomba nitupe.

"Na sasa Tuulikki, maneno mawili."
Nikasimama. Goti la kushoto likalia, wa mbele wakasikia.
Sikuwa na maneno mawili, nilikuwa na kurasa mia na kumi.
Nikasoma ile ya viatu, basi.
Kimya. Mtambo wa kahawa ukakoroma.
Kijana mmoja wa uchumi, mkono juu, uso umejaa kujali:
"Sampuli ilikuwa ya wangapi?"
"Mmoja," nikasema.
"Wawili, ukimhesabu kaka."

Wakapiga makofi, nadhani kwa ajili ya goti.
Kettula akaanza kukata baharini,
maana bahari haina wa kununa.
Nikapewa kipande chenye pwani kidogo, sijui ya wapi.

Penye makoti yule kijana akanifuata,
sahani bado mkononi, krimu kidevuni.
"Yule wa viatu," akasema, "aliendelea na shule?"
"Fomu haikuuliza."
Akabaki pale kama mtu aliyesahau namba ya mlango wake.

Daftari ninalo. Hawakuliomba.
Nimeketi ndani ya tramu, soksi zimelowa,
maji ya theluji yanazunguka sakafuni
na viatu vya abiria vimejipanga, jozi kwa jozi,
nami navihesabu, mazoea yana taabu;
nafika kumi na mbili,
mlango unafunguka, mtu anashuka,
naanza upya.