Figo ya Kushoto

Mwaka wa kumi na tisa huu ninaosha maiti,
kuanzia Buguruni Malapa hadi Vingunguti.
Huanzia kulia. Maji ya uvuguvugu, kitambaa mkononi,
tumbo nalibonyeza polepole kana kwamba bado linauma,
maana tulifundishwa hivyo: aliyelala hapa usimwumize.
Wengine huletwa na mishono, plasta za hospitali hazijabanduka.
Sijawahi kumwambia mfiwa: huyu wenu kapungua.

Basi daktari wa Muhimbili aliponiambia,
"Bi Sikudhani, damu zenu zimekubaliana,"
nilicheka hadi nesi akageuka.
Damu zetu!
Zimekaa vikao miaka saba Magomeni, sebuleni kwa baba,
hazijakubaliana hata juu ya bati la jikoni.

Mshamu ni ndugu yangu wa baba mmoja.
Baba alipokufa, yeye mafungu mawili, mimi moja.
Hilo kalipanga Mungu, sikunung'unika.
Lakini na hilo moja Mshamu akalila,
akampangisha fundi simu chumba changu,
akasema nyumba ya mwanamke iko kwa mumewe.
Mume wangu nilishamzika.

Sasa mara tatu kwa wiki
mashine inamfulia damu kama shati la kuazima,
na miguu imemuumuka
kama unga uliokandwa, mkandaji akasahau.

Nikaenda kwa Maalim Mwinyikondo baada ya alasiri.
Maalim, mwili ni amana?
"Ni amana."
Na amana hugawiwa?
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akakawia.
"Wapo wanaokataza. Wana hoja, usiwacheke.
Wapo wanaoruhusu, na mimi nimeegemea kwao:
utoe kwa hiari, kwa aliye hatarini,
na wewe mwenyewe usiangamie.
Ila kuuza, hapana. Hata kwa sarafu ya shilingi hamsini."
Na Siku ile, nitafufuliwa na pengo?
"Aliyekuumba kwa tone la maji,
atashindwa kukumbuka figo alikoiweka?"

Nikarudi nyumbani nikidhani nimemaliza.

Baada ya isha Mshamu akabisha hodi,
kashikiliwa na mwanawe, anahema,
bahasha ya kaki kwapani.
"Dada, hati hii. Chumba chako, na cha mbele pia. Chukua."
Jina la baba limefifia, muhuri bado mwekundu.
Miaka saba nimeiombea karatasi ile.
Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.
Nikaukamata kwa mwenzake.

Rudi nayo, nikamwambia.
Ukiiweka mezani leo itakuwa bei,
nami nitakuwa nimeuza amana ya Mungu
kwa matofali ya baba.
Figo nakupa. Nyumba nakudai.
Moja sadaka, moja deni, usinichanganyie.
Utalipa ukishapona, mbele ya mashahidi,
na ukitangulia, litakusubiri huko unakokwenda.

Akalia. Sikumbembeleza.
Sijamsamehe,
na Maalim hakuniambia kuwa kusamehe ni sharti la kutoa.

Nimemwambia Tausi, tunayeosha naye:
zamu yangu ikifika, utaukuta mshono ubavuni.
Upitishe maji taratibu, wala usihesabu.
Akanijibu, "Kwani nilishawahi kuhesabu ya nani?"

Alfajiri hii natakiwa wodini, tumbo tupu.
Nimeoga kama ninavyowaogesha wao, kulia kwanza,
bega, mkono, nyonga, mguu.
Nilipofika ubavu wa kushoto nikasita,
nikamimina kata moja zaidi,
nikaiambia kwa sauti ya kuaga msafiri:
Haya, nenda. Mtumikie vizuri, usimlegeze.
Ila usiku, wenzio wakilala,
mkumbushe ile nyumba.