Dakta wa Sanduku la Posta

Mjomba Ndahani, nyapara wa genge la reli pale Kintinku,
alipewa sukari ya nusu ratili dukani kwa Valji
imefungwa kwenye kipande cha gazeti.
Sukari akampa shangazi. Gazeti akaniletea mimi.
"Huyu mwenye masharubu anasemaje?"

Nilikuwa darasa la nne. Nikasoma kwa sauti ya shule:
Mgongo unauma? Kiuno kizito asubuhi?
Waamka umechoka kuliko ulivyolala?
Mjomba akaitazama picha, akashusha sauti:
"Nani kamwambia?"

Tukatuma stempu. Ikarudi fomu
yenye maswali arobaini.
Tuliijaza usiku ndani ya tembe, kibatari katikati,
mbuzi wakicheua upande wa pili wa ukuta.
Walalaje? "Ubavu. Andika, ubavu wa kushoto."
Waota nini? "Mataruma. Nayahesabu, hayaishi."
Una huzuni isiyo na sababu?
Hapo akatoka nje, kama anayekwenda kukojoa,
akakawia.
"Andika ndiyo. Ila sababu ipo.
Wameacha mstari wa sababu?"
Hawakuacha.

(Sababu ni Mbula, mkewe,
tuliyemzika mwaka wa nzige, na mtoto hajatoka.)

Zahanati ya serikali haikuwahi kumuuliza kitu.
Dresa alimimina dawa nyeupe
kwenye kikombe cha bati kilichofungwa mnyororo,
ukameza umesimama, akaita: Anayefuata!

Shilingi kumi na nane. Mshahara wa mwezi, na jogoo juu yake.
Kifurushi kikashuka na gari moshi la mchana:
kamba, lakiri nyekundu, kichupa kimelala kwenye pamba.
Viwili kwa maji, kabla ya ugali.
Alfajiri akaniita nyuma ya zizi. "Njoo uone!"
Mkojo wa buluu.
Buluu ya wino wa shule,
ukinywewa na mchanga mwekundu wa Ugogo.
Kijitabu kilikuwa kimeahidi: ukiona rangi hiyo,
ndio ugonjwa unahama.
Akawaita genge lake. Wanaume saba, sururu begani,
wakasimama kwa adabu kuutazama udongo.
Mmoja akasema, "Kumbe uliumwa kweli."
Sijamwona mjomba akicheka vile, kabla wala baada.

Nilikuja kujua nimeshaota mvi,
nikipanga chupa kwenye stoo ya dawa, Dodoma:
ni rangi tu. Waliitia makusudi.

Vidonge vikaisha, buluu ikaisha,
mgongo ukabaki ulipokuwa.
Mwaka uliofuata mvua ilipita mbali, na yeye akapita.
Tulimlaza kando ya Mbula.
Nilihakikisha, ubavu wa kushoto.

Barua hazikujua.
Rafiki mpendwa, tumesikitika kwa ukimya wako.
Shilingi kumi na mbili.
Rafiki mpendwa, figo hazisubiri.
Shilingi saba, na kalenda bure.
Rafiki mpendwa, hii ndiyo mara ya mwisho.
Shilingi tatu.
Ikaja nyingine baada ya hiyo ya mwisho.
Kadiri marehemu alivyonyamaza
ndivyo uzima ulivyoshuka bei.

Shangazi alitaka ziwashiwe moto. Nikazificha darini,
na panya wamekula pembe zake, wakaacha saini,
saini ya muhuri, mkia wake mrefu kama wa kenge.

Mwizi yule. Nasema mwizi, na neno silirudishi.
Alikula jogoo wetu akiwa ng'ambo, bila kunawa.
Lakini ziko usiku mafuta yanapokaribia kukauka utambini
namsikia mjomba, mgongo ukutani,
miguu imenyooshwa, viatu vya reli mlangoni:
"Hebu rudia lile la usingizi.
Polepole. Kama alivyouliza yeye."