Meno Saba

Kwanza jiwe. Huku Chavakali ardhi imeinama,
hata bakuli la uji huegemea upande wa Kisumu.
Kwa hiyo kabla ya bisibisi Kisia hubeba jiwe
(jiwe huku halitafutwi)
akalisukuma nyuma ya gurudumu, akalikanyaga mara mbili.

Enos Mudeizi ameleta Korola ya babake.
Mkono mpya wa breki amekwisha kuununua:
alumini, kitufe chekundu,
umo katika karatasi ya nailoni inayolia kila ukiugusa.
Viti anataka ngozi nyekundu, uzi mweupe.
"Na hii takataka," asema, akiupiga kofi mkono wa zamani,
"itupe tu."

Mamake yuko kwenye benchi, mkoba magotini.
Hajasema neno tangu soda.

Nafungua skrubu mbili za kisanduku cha katikati.
Chini yake: shilingi tano, risiti ya mbolea,
kipande cha chaki.
Chaki naijaribu kwenye dashibodi. Bado inaandika.
Navua ngozi ya shinani, imechanika kama soksi,
nachomoa kitufe, springi inaruka,
Kisia anaidaka hewani. Ana macho, kijana huyo.

Sasa mpira wa kushikia. Huo haung'oki kwa hasira.
Maji vuguvugu, sabuni ya unga,
bisibisi bapa uipenyeze polepole kati ya mpira na chuma,
zungusha, vuta, pumzika, zungusha.
Umeshika chuma miaka thelathini;
nani angeachia upesi?

Ukatoka kwa sauti ya busu.
Upande mmoja una kishimo laini, kirefu kama haragwe.
Nikaweka dole gumba langu. Halikuenea.

Hapo mama akauliza,
akimwuliza Kisia, si mimi wala mwanawe:
"Na ile sauti, nayo mmeitoa?"

Sauti gani, mama?

"Kraa. Alikuwa akirudi usiku hapigi honi.
Mbwa walimjua, hawakubweka.
Mimi kitandani nahesabu: kraa, kraa, kraa,
zikifika saba nageukia ukutani, nalala.
Usiku mmoja zikaishia nne.
Nikatoka na taa."

Enos anatazama simu. Simu imezima, naiona.

Nikamwambia: mama, sauti haikai kwenye mkono.
Njoo. Hapa chini pana chuma chenye meno kama msumeno
na ulimi unaoyaruka moja moja.
Mkono ni nguo tu.
Akavaa miwani, akainama, akayatazama meno
kama anayetafuta mtu katika picha ya darasa.
Nikavuta chuma kikiwa uchi.
Kumi na moja.
"Huyo si yeye," akasema.

Ni kebo, hulegea.
Nikashika spana namba kumi, nikakaza nati robo,
nikavuta: tisa.
Robo tena: nane.
Enos sasa amechuchumaa mlangoni,
midomo yake inahesabu bila sauti.
Nusu ya robo, kwa kucha.

Saba.

Kisia alikuwa na springi bado kiganjani.

Mkono mpya umekaa vizuri, sikatai, unang'aa.
Ule wa zamani mama aliufungulia mkoba,
ukaingia, zipu ikafungwa.
Risiti niliandika ngozi, uzi, mkono, kazi.
Kebo sikuiandika.

Wakatia gia ya kurudi nyuma, gari likaguna,
klachi ikanuka hadi kwa kinyozi.
"Jiwe, Kisia! Jiwe!"

Kwao ni juu kidogo ya karakana, ninapolala.
Usiku ule nilisikia Korola ikipanda, ikikata kona,
injini ikinyamaza.
Nikahesabu, mimi nisiyehusika.
Nilipata sita.
Ya saba ilimezwa na mbwa wao,
ambaye Enos hamjui bado.