Pindo la Chini

Saa tisa na nusu za usiku, Leicester.
Nimewasha taa ya jikoni,
nimewasha birika,
hita nimeiwasha ikagoma, mita imekwisha salio,
na kovu, bila mtu kugusa swichi,
limeniwasha mimi.

Kwetu kiganja cha kulia kikiwasha, pesa iko njiani.
Unyayo ukiwasha, funga mizigo.
Hakuna aliyeniachia tafsiri
ya muwasho ulio vidole vinne chini ya kitovu,
sentimita kumi na tatu.
Nimeupima kwa tepu yangu ya kazi.

Mimi ni fundi. Duka la Bwana Pravin, Narborough Road.
Suruali za watu hupita mapajani mwangu:
napunguza kiuno, nateremsha pindo, nabadili zipu.
Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoweza kusimama wima
mbele ya kioo cha bafuni,
nikainua tumbo kama anayechungulia chini ya kitambaa cha meza,
nilitazama kwa jicho la ufundi.
Mshono umenyooka, nisiwe mchoyo.
Ila kushoto uzi umevutwa kupita kiasi,
ngozi imejikunja kidogo.
Mteja wangu angerudisha.

Wiki ya saba leo.
Mkunga Hansa alisema: pigapiga kwa kiganja, usikune.
Paka mafuta yasiyo na harufu.
Vaa chupi ya pamba, ipande hadi kitovuni.
Nikanunua sita sokoni, kila moja foronya.
Makame akaanika moja kwenye redieta, akauliza
hii ya kwako au ya mto?
Nikacheka, nikashika tumbo, nikamtukana,
maana siku hizo kicheko nacho kilikuwa kisu.

Mama mkwe, Bi Mwanakombo, kwenye simu kutoka Pangani:
"Wakukande kwa maji ya moto."
Nani anikande, mama?
Mwanao yuko ghalani anapanga maboksi mpaka alfajiri,
na maji ya moto huku yana mita.
Akanyamaza. Kisha akasema, wala si kwa ubaya,
"Lakini wewe hukujifungua, mwanangu. Ulifunguliwa."

Neno hilo limeingia likashonewa ndani.
Huenda ndilo linalowasha.

Basi natoa njegere kwenye friza,
pakiti ileile, imeganda na kuyeyuka hata haifai kupikwa,
naifunga kwa kipande cha kanga, nakandamiza, nahesabu.
Ajabu ni kwamba ngozi yenyewe imekufa ganzi.
Nagusa, sijui kama nimegusa.
Muwasho uko humo humo ndani ya ganzi,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba isiyo na mlango.

Asiye na kucha ndiye hupewa upele, walisema.
Mimi kucha nilikuwa nazo, ndefu, za harusi ya wifi yangu.
Nilizikata usiku wa pili wodini
kwa ajili ya uso wa Hidaya.

Na karatasi ile nani aliitia sahihi?
Moyo wake ulipoanza kuchelewa kwenye mashine,
tik, halafu kimya, halafu tik,
ni mimi niliyesema, kwa Kiingereza changu cha dukani,
kateni.
Sikusubiri kuulizwa mara mbili.
Nimefumua nguo za watu miaka tisa.
Najua mkono unaofumua ndio unaofungua,
hata kama mkasi ameushika mwingine.

Sijamwambia hayo Bi Mwanakombo.
Nitamwambia Jumapili, salio likiwepo.
Au nitamwomba aniambie yeye walivyomkanda,
nani alimshika mabega,
na kama aliwahi kulia.

Huyo ameamka.
Anajikuna shavu kwa glavu nilizomshonea
kutokana na mabaki ya suruali ya mtu asiyenijua.
Nambeba upande wa kulia, mbali na mkunjo.
Njegere zimeyeyuka,
maji yanashuka tumboni, yanapita juu ya kovu,
na siyahisi,
mpaka nayaona sakafuni.