Ulimi wa Kiatu

Ulimi nilinunua Gikomba, shilingi kumi.
Kiatu chenyewe kilikwisha kufa,
cha mguu wa kushoto, mwenzake hajulikani aliko.
Muuzaji akauliza: Wa nini?
Wa kombeo, nikasema. Wa kurushia mawe.
Akahesabu chenji mara mbili, macho usoni pangu.

Kamba ya kwanza alinisokotea Kaindio.
Ya pili akataka nisokote mwenyewe:
katani juu ya paja tupu, mate kidogo kiganjani,
nyuzi mbili zinakwenda zikikimbizana,
zinarudi zimekumbatiana.
Paja likawa jekundu kama limepitiwa na pasi,
na pasi ninaijua. Sisi wawili ni wa pasi,
kwa dobi wa Ngara, mashati mia kwa siku,
mvuke umetufuta alama za vidole.

Yeye alikulia kwenye mtama.
Miaka saba, akapandishwa juu ya dungu
kuamia ndege, alfajiri hadi magharibi.
Kwelea wakishuka, anasema,
ni shuka lililokung'utwa lisilomaliza kuanguka.
Hakuwalenga. Alilenga hewa iliyo mbele yao.
Mimi ni mzaliwa wa Pumwani.
Ndege niliyemjua ni korongo wa jalalani,
asimamaye kama karani aliyestaafu,
na sijaona mtu akimfukuza.

Jumapili tukaenda Njiru, kwenye timbo lililoachwa,
maji ya kijani yamejaa pale walipong'oa mawe ya nyumba zetu.
Kitanzi kidole cha kati.
Fundo kati ya gumba na shahada.
Jiwe lisizidi yai, lisiwe na pembe.
Na usizungushezungushe kama mganga!
Mara moja. Halafu achia fundo.
Lini?
Kabla hujajua.

Jiwe la kwanza lilikwenda nyuma.
Mbuzi mmoja ni shahidi.
La pili likapanda wima, tukatimua mbio,
mikono kichwani, kicheko kimetubana mbavu,
likatua palepale nilipokuwa nimesimama.
La tatu likaondoka na kombeo zima.
Mtupa jongoo, nikajitetea, hutupa na mti wake.
Kaindio hakucheka. Akashuka kuifuata kamba,
akarudi na matope hadi magotini.
Hapa jongoo huenda, akasema, mti hubaki.
Ukitupa vyote viwili, kesho utaamia kwa mdomo.

Bega, mwezi mzima bega.
Nikalala ubavu mmoja kama mgonjwa.
Wepukhulu akaniuliza kitandani
ni adui gani ninayemwandalia hayo yote.
Sina, nikamwambia.
Akasogea ukutani kidogo.
Kweli sina, adui wa kutosha jiwe.
Mwenye nyumba hupandisha kodi kwa simu;
utamlenga wapi?

Jumapili ya tano, au ya sita (mvua ilituibia moja),
tukasimamisha debe la rangi ng'ambo ya maji.
Sikulipiga. Nisiwadanganye.
Ila kamba ililia.
Paa! Mlio wa shuka bichi likikung'utwa kabla ya pasi,
mlio nilioulisha mikono yangu miaka kumi na miwili
bila kujua kwamba ni somo.
Ulimi ukaning'inia, mtupu, kama uliokwisha kusema.
Jiwe hatukuliona likienda.
Tukangoja.
Mbali, kwenye ukuta wa timbo: ko.

Ndege wakainuka kutoka kwenye matete,
wadogo, wengi, kundi likapinduka mara moja hewani
likashuka tena pale pale.
Kaindio kaweka kiganja juu ya macho,
midomo inamcheza. Nikadhani anasali.
Alikuwa akihesabu.

Tena, akasema, akiokota jiwe,
akilifuta kwa upindo wa sketi yake ya Jumapili.
Tena. Hao wamerudi.