Wekundu Chini ya Shavu

Ukumbini kwetu, Gangshan, rangi zimegeuzwa:
nyekundu ni kupanda, kijani ni kushuka.
Mgeni angeingia siku ile
angedhani mpunga umeota ubaoni,
neema tupu, mstari wa juu hadi wa chini.

Ilikuwa wiki ya tatu ya kijani.
Mimi, karani wa dirisha la pili,
nilipokea karatasi za kuuza
hadi kiganja kikawa chekundu kwa wino wa mihuri,
wekundu pekee mle ndani.
Mzee Ko, aliyekuwa dereva wa treni,
aliuza amefumba macho, kama anayeng'olewa jino.
Muuza vitambaa alishika risiti ya ada ya mwanawe,
akaniuliza, "Kesho je?"
Nikasema sijui.
Nami asubuhi ile ile
nilikuwa nimeuza zangu zote, kwa simu, chooni.

"Samaki mmoja akioza..." mtu alianza kule nyuma,
na ukumbi mzima ukamalizia.

Isipokuwa Liao Pi-hsia.
Kiti cha plastiki kando ya birika,
miwani imefungwa uzi,
daftari la shule magotini.
Hakuinua kichwa.
"Nyinyi mnanusa soko zima, mnakimbia.
Mimi hufunua shavu la kila samaki."

Miaka thelathini na moja alitunza vitabu vya kiwanda cha nati.
Anajua deni linavyolala:
kimya, chini ya jina zuri,
kama panya chini ya mkeka.
Wiki nzima alikuwa akifuta.
Huyu kakopa ili agawe gawio.
Huyu ghala linajaa kuliko linavyotoka.
Huyu mwenyekiti kajijengea ghorofa, mashine zinavuja mafuta.
"Lakini huyu kashuka nusu," nikamwambia. "Rahisi!"
"Hata jeneza huwa na punguzo," akasema,
akamfuta na huyo.

Likabaki jina moja.
Kiwanda kidogo, parafujo za kuungia mifupa.
Nacho kilikuwa kijani kama wenzake,
kimeburutwa na kamba ya wote.
"Mifupa haisomi ubao," alisema.
"Bibi akiteleza bafuni
haulizi soko limefungaje."

Wala hakuishia kwenye hesabu.
Saa kumi alfajiri alipanda pikipiki yake
akaenda kusimama langoni pa kiwanda,
akahesabu madirisha yenye taa,
kisha akamuuliza Chuang wa maziwa ya soya:
zamu ya usiku inakunywa vikombe vingapi?
Mia na arobaini.
Na mwezi uliopita?
Mia na kumi.
Hilo nalo aliliandika, chini ya faida na deni,
kwa mwandiko ule ule.

Alinunua kwa theluthi ya fedha zake.
Nikagonga mhuri, na mkono wangu ulikuwa mzito
kana kwamba namwandikia ugonjwa.

Kesho yake hisa ikaanguka tena, asilimia nne.
Nilimtazama akimimina chai.
Ilimwagika kidogo kwenye sahani, akaiacha.
"Unajuta?"
"Parafujo zimebadilika?"
"Hapana."
"Basi." Halafu, baada ya kitambo,
kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:
"Naweza kuwa nimekosea, kijana.
Ndiyo maana sikuweka zote."

Siwezi kukwambia ilipanda lini,
au kama ilipanda.
Naweza kukwambia kwamba wiki ile sikulala,
na saa kumi na nusu, siku ya Alhamisi,
nilikuwa kwa Chuang, mifuko mitupu, mvuke usoni.
Lango likafunguliwa.
Wakaja wakipiga miayo, glavu kwapani,
kikombe kimoja, kingine, kingine,
nikapoteza hesabu kwenye themanini na kitu,
nikaanza upya.