Shimo la Tisa

Mfuko ulikuwa nyuma ya mashine ya kukatia nyasi,
umeegemea makopo ya rangi iliyoganda.
Zipu iligoma. Nikaipaka sabuni,
nikaivuta polepole, kama unavyomfungua kinywa
mgonjwa asiyetaka dawa.
Kazi hiyo naijua.

Ndani: mipira minne, mmoja una alama ya meno ya Corrie,
mbwa tuliyemzika mwaka ule wa theluji nyingi.
Glavu imekauka, imejikunja,
vidole bado vimeshika fimbo ambayo haipo.
Na kadi. Mashimo manane yameandikwa,
la tisa tupu.
Penseli ilikomea hapo simu ilipolia:
mama ameanguka jikoni,
anamwita dada yake aliyekufa vitani.

Nikawaambia wenzangu, nitarudi Jumamosi.

Jumamosi zikapita mia tano na kitu.
Nilizitumia kukata kucha zisizo zangu,
kuficha funguo za gari, kupoza uji,
kujibu swali lilelile mara saba kabla ya chai.
Silalamiki. Nataja tu zilikokwenda.
Mama aliondoka Februari, alfajiri,
akiwa ameniita kwa jina langu siku mbili mfululizo.

Uwanja wetu hapa Caithness hauna baa wala mlinzi.
Una sanduku la chuma lenye tundu, na kibao:
paundi kumi na mbili, tunakuamini.
Nikatumbukiza kumi na tano. Sikuwa na chenji,
tena huenda nilikuwa nadaiwa.

Kondoo wa Magnus Budge walilala pa kuanzia.
Nikawafukuza; wakasogea hatua tatu.
Mmoja alinitazama kama karani wa benki.

Nikachomeka kigingi. Magoti yakalia kama ngazi kuukuu.
Upepo ulitoka kushoto; huo haukuzeeka.
Nikakumbuka alivyonifunza Ishbel, nikiwa na miaka kumi na minne:
shika fimbo kama mkono wa mtoto mkivuka barabara,
asichomoke, asiumie.
Basi, nikasema, hilo sijaliacha hata siku moja:
kutoka kitandani hadi chooni, usiku, taa imezimwa,
nimeshika hivyo hivyo.

Nikapiga.
Fimbo ikakata hewa, fyuu,
na mpira ukabaki palepale, mweupe, mstaarabu,
kama mgeni aliyejifanya hakusikia ugomvi wa wenyeji.
Kondoo walisikia.

Wa pili ulitambaa. Wa tatu
uliingia kwenye miba yenye maua ya manjano
nikatoka huko na mikwaruzo, na mpira wa mtu mwingine.
Shimo la pili sitalisimulia.
La nne nilicheka peke yangu, kwa sauti,
nikashtuka: kumbe hicho kicheko nilikuwa nacho.

La sita, sijui. Sikuwaza kitu.
Chuma namba saba, mabega yakageuka yenyewe,
na mkononi sikuhisi chochote,
maana mpira uliopigwa sawasawa hauna uzito.
Ulipanda, ukasimama kidogo angani
kana kwamba unatafuta anwani,
ukashuka mchangani.
Mchangani, ndiyo. Lakini ulivyokwenda!

Kwenye la tisa nikatoa ile kadi kuukuu.
Nilihitaji mapigo tisa, moja likiwa la aibu,
la kusukuma mpira kwa futi mbili na kukosa.
Penseli bado iliandika.
Nikaweka tisa yangu kando ya thelathini na nane
za mwanamke wa miaka arobaini na sita
aliyekuwa na haraka.
Arobaini na saba. Tumemaliza, mimi naye.

Kisha nikakaa kwenye benchi lenye jina la mtu nisiyemjua,
nikavua kiatu, nikamwaga mchanga.
Simu ilikuwa mfukoni.
Niliitazama mara mbili.
Haikulia.